Jinsi ya Kukagua Gari la Zamani Kabla ya Kulinunua

Pikapu ya Peugeot 504 iliyopakwa rangi upya hupendeza machoni. Land Rover ya zamani iliyooshwa na kung'arishwa hupendeza zaidi. Mkazi anayetafuta gari la shambani, la kukodisha kwenye harusi au la kutembelea jamaa siku ya Jumapili anaweza kuliona leo na kulilipia kesho, kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa SACCO. Miezi mitatu baadaye anagundua kwamba sakafu imeoza chini ya zulia, au kwamba aliyemuuzia hakuwa na haki ya kuuza.

Somo hili linakuonyesha namna ya kulikagua gari la aina hiyo hatua kwa hatua. Jambo moja litakusaidia kuliko mengine yote: fuata utaratibu. Anza na karatasi, kisha chini ya gari, kisha injini, halafu barabarani. Rangi, viti na redio viache mwisho, kwa maana hivyo ndivyo rahisi kutengeneza na ndivyo rahisi kumdanganyia mnunuzi.

MAGARI HAYA YALIKOTOKA

Magari ya zamani yana heshima yake nchini. Mbio za Safari Rally zilianza mwaka 1953, na majina ya Volkswagen, Peugeot, Datsun na Mitsubishi yaliingia vichwani mwa Wakenya kupitia mbio hizo. Joginder Singh alishinda mara tatu: mwaka 1965 akiwa na Volvo, kisha 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi. Nje ya mbio, Peugeot 504 ya abiria ilibeba watu wa safari ndefu kati ya miji yetu kwa miaka mingi, na pikapu zake bado zinabeba maziwa, nyasi na mahindi.

Kuna sababu nyingine ya kuyafahamu. Kanuni za viwango nchini haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo gari la mwaka 1978 unaloliona sokoni leo, kwa kawaida, limeishi hapa hapa kwa miongo mingi. Limepita katika mikono mingi, mashimo mengi, na mafundi wa kila kiwango. Historia hiyo yote imeandikwa kwenye vyuma vyake. Kazi yako ni kuisoma kabla ya kulipa.

HATUA YA 1: KARATASI KABLA YA KULIONA GARI

Usifunge safari kwenda kuliona gari kabla hujajua ni la nani. Mwombe muuzaji namba ya usajili na nakala ya logbuku. Kisha tafuta rekodi za gari hilo kupitia huduma za NTSA kwenye mtandao wa eCitizen, au nenda Huduma Centre usaidiwe. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya gari. Rekodi hiyo itakuonyesha jina la mmiliki, namba ya chasisi, namba ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji anayelishikilia gari.

Linganisha mambo matatu: jina kwenye rekodi, jina kwenye logbuku, na jina kwenye kitambulisho cha anayeuza. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukiambiwa "logbuku iko kwa jina la aliyeniuzia, tutambadilisha baadaye", simama hapo. Mwambie amalize kwanza kuliandikisha gari kwa jina lake.

Kwa magari ya zamani kuna jambo linalotokea mara nyingi: mmiliki aliyesajiliwa amekwisha kufariki. Mtoto wake analiona gari limekaa uani na anaamua kuliuza. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini kisheria gari hilo ni sehemu ya mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuigusa au kuiuza mali ya marehemu bila idhini. Anayeuza anapaswa kuwa na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Bila hati hiyo, ndugu mwingine anaweza kujitokeza mwaka ujao na kulidai gari, nawe ukabaki ukikimbizana mahakamani juu ya gari ulilokwisha kulitengeneza. Omba kuiona hati, na umpe wakili aisome.

HATUA YA 2: NAMBA YA CHASISI

Ukilifikia gari, jambo la kwanza ni kutafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, na kibati chake ndani ya boneti au karibu na mlango. Namba hizo zilingane na rekodi ya NTSA, herufi kwa herufi. Pitisha kidole. Chuma kilichosagwa, kilichochomelewa pembeni mwa namba, au herufi zisizo kwenye mstari mmoja ni dalili ya hatari. Usikubali maelezo ya mdomo. Ondoka.

Namba ya injini ni suala tofauti kidogo. Si ajabu kukuta Peugeot au Land Rover ya zamani imewekewa injini ya Toyota au Nissan kwa sababu ya upatikanaji wa spea. Hilo si kosa, mradi mabadiliko yameandikishwa NTSA. Kama hayajaandikishwa, muuzaji ayaandikishe kabla ya kukuuzia, na akuonyeshe stakabadhi ya alikoinunua injini hiyo.

HATUA YA 3: KUTU, CHINI KWENDA JUU

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Injini ikiharibika hufunguliwa ikatengenezwa. Giaboksi hubadilishwa. Lakini gari ambalo chuma kinacholibeba kimeoza hukatwa na kuchomelewa upya, na mara nyingi gharama hiyo huzidi thamani ya gari lenyewe. Kadhalika usalama: katika ajali, chuma kilichoozea ndani hakikulindi.

Nenda mchana, gari likiwa kavu. Gari lililooshwa muda mfupi kabla ya kufika kwako huficha uvujaji, na maji hufanya rangi mbovu ing'ae. Beba tochi, bisibisi, sumaku ndogo na nguo kuukuu ya kulalia. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia shimo la gereji, au vigingi imara, na magurudumu yazuiwe kwa mawe.

Elewa kwanza gari lako limejengwa vipi. Peugeot 504 saluni haina chasisi ya pekee. Bodi na sakafu ndizo zinazobeba kila kitu. Kwa hivyo kagua vizingiti chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, sehemu ya buti inapokaa tairi ya akiba, na pale springi za mbele zinapoegemea ndani ya boneti. Kwenye pikapu, angalia sana pale springi za nyuma zinapofungwa, kwa sababu hapo ndipo mzigo wa miaka yote umekuwa ukikandamiza.

Land Rover ya zamani ni kinyume. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma. Chasisi yake ni ya chuma, na nyuma ya injini kuna ukuta wa chuma unaoshikilia milango na dashibodi. Mnunuzi huona bodi safi akafikiri gari lote ni safi, kumbe chasisi imetafunwa kutoka ndani. Lala chini ugonge chasisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito, mfu, na wakati mwingine unga wa kutu humwagika. Kagua hasa sehemu ya nyuma kabisa na pale springi zinapofungwa, kwa sababu tope hujikusanya humo na kukaa na unyevu.

Sumaku nayo ina matumizi yake. Ipitishe kwenye vizingiti, kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango. Ikishika kwa nguvu, kuna chuma. Ikiteleza, huenda fundi wa bodi amejaza puti badala ya kubadilisha chuma. Usisahau tu kwamba sumaku haishiki alumini, kwa hivyo kwenye bodi ya Land Rover haitakuambia lolote. Itumie kwenye chasisi.

Uliza pia gari limeishi wapi. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Kilifi au Lamu hula chuma haraka kuliko hewa ya bara. Gari la Pwani linaweza kuwa zuri kama lilitunzwa, lakini lahitaji muda mrefu zaidi wa kukaguliwa. Na popote lilipotoka, jihadhari na gari lililopakwa lami nyeusi mpya upande wote wa chini. Lami hulinda chuma kizima, na huficha kibovu.

HATUA YA 4: INJINI IKIWA BARIDI

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini yenye shida ya kuwaka asubuhi huwashwa mapema ili mnunuzi asilijue hilo.

Kabla ya kuwasha, fanya haya:

Kwanza, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni ya kawaida kama imetumika. Oili yenye rangi ya maziwa au kahawa ya maziwa, au utando kama huo chini ya kifuniko cha oili, ni dalili kwamba maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua.

Pili, fungua kifuniko cha redieta, injini ikiwa baridi tu. Maji ya kutu yanaonyesha uzembe wa miaka. Matone ya oili juu ya maji yanaonyesha gasketi ile ile. Injini ya petroli ya Peugeot 504 ina silinda hedi ya alumini, na gari likichemka mara kadhaa hedi hujikunja. Muulize muuzaji moja kwa moja kama gari limewahi kuchemka.

Tatu, angalia waya. Kwenye gari la miaka 40, plastiki ya waya hukauka ikapasuka. Waya zilizounganishwa kwa mkono na kufungwa utepe kila mahali zinaweza kuwasha moto.

Kisha washa, na mtu asimame nyuma atazame eksosi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili: ringi za pistoni au mihuri ya vali imechakaa. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu kidogo, maana yake maji ya redieta yanaingia kwenye silinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Huu wa mwisho si wa kutisha sana: kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya Mombasa hutoa moshi mweusi ikipanda Limuru, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi. Fundi huirekebisha.

Kama gari bado linakuvutia, mlipe fundi apime kompresheni ya kila silinda. Ni kazi ya muda mfupi. Tazama silinda zinavyolingana. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna kazi ndani ya injini, na kazi hiyo iingie kwenye bei.

Liko suala moja zaidi la injini hizi. Nyingi ziliundwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo haiuzwi tena Kenya tangu 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali. Muulize muuzaji kama silinda hedi imewahi kufunguliwa na viti vya vali kubadilishwa.

HATUA YA 5: BARABARANI

Usinunue gari usiloliendesha. Hakikisha lina bima halali, kisha liendeshe kwa angalau nusu saa: barabara ya lami, ya vumbi, na mlima kama upo.

Usukani: ukiwa umesimama, ugeuze polepole huku na huku. Ukicheza sentimita kadhaa kabla ya magurudumu kusogea, viungo vimechakaa. Breki: kwenye barabara tupu, funga breki taratibu kisha kwa nguvu. Gari likivutwa upande mmoja, breki hazilingani. Giaboksi: gia ikiruka yenyewe unapoondoa mguu kwenye mafuta, andaa pesa. Klachi: kwenye mlima, injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Difu: mlio wa kuimba unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta unatoka huko.

Ukirudi, liache gari likinguruma dakika kumi. Tazama mshale wa joto, kisha tazama chini kuna matone gani. Angalia pia tairi: zilizolika upande mmoja zinasema kwamba springi, viungo au chasisi yenyewe haiko sawa. Na kama gari halina mikanda ya usalama, hesabu gharama ya kuiweka kabla hujambeba mtu yeyote.

HATUA YA 6: HESABU YA KWELI

Bei ya gari la zamani ina sehemu mbili: unayompa muuzaji na utakayompa fundi. Chukua mfano huu. Takwimu ni za kufundishia tu.

Gari la kwanza lauzwa shilingi 350,000. Rangi mpya, viti vipya. Chini, vizingiti na sakafu vimeoza. Fundi wa bodi anataka 120,000. Jumla 470,000, na bado utabaki na gari lililokatwa na kuchomelewa.

Gari la pili lauzwa shilingi 300,000. Rangi imefifia na injini inatoa moshi wa bluu. Chini ni zima. Kufungua injini ni 90,000. Jumla 390,000, na umepata gari zima lenye injini mpya ndani. Rangi utapaka mwakani.

Wanunuzi wengi huchagua la kwanza kwa sababu ya macho. Ndiyo maana tumesema rangi iwe ya mwisho.

Kabla ya kukubali bei, uliza mambo mawili zaidi. Spea zinapatikana? Tembelea duka la spea na ofisi ya fundi wako ukiwa na orodha ya vitu vitano: gasketi ya silinda hedi, pampu ya maji, silinda ya breki, klachi na kioo cha mbele. Kioo ndicho husahaulika, na kwa baadhi ya magari ndicho kigumu kupatikana. Na bima? Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lenye umri mkubwa. Ile ya kulinda watu wengine ni lazima kisheria. Kama ni pikapu ya biashara, kumbuka pia ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA.

SIKU YA KULIPA

Lipa kupitia benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye logbuku. Andikeni mkataba wa mauzo wenye namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, bei, tarehe na saa, na mashahidi wa pande zote mbili. Saa ni muhimu, kwa sababu gari likihusika katika kosa au ajali siku hiyo, mkataba ndio utakaosema lilikuwa mikononi mwa nani.

Uhamisho wa umiliki hufanyika mtandaoni: muuzaji huuanzisha kwenye akaunti yake, nawe huukubali kwenye yako. Msitengane kabla hatua hiyo haijaanza. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa.

Kwa gari la bei kubwa, AA Kenya hufanya ukaguzi na tathmini kwa malipo. Kwa wengine, fundi unayemwamini anatosha, mradi umlipe wewe na asiwe rafiki wa muuzaji wala wa dalali.

ORODHA YA KUBEBA MFUKONI

1. Rekodi ya NTSA, logbuku na kitambulisho: majina matatu yanalingana?
2. Mmiliki yuko hai? Kama amefariki, hati ya mahakama iko wapi?
3. Namba ya chasisi kwenye chuma haijaguswa?
4. Vizingiti, sakafu, chasisi na pale springi zinapofungwa: vimegongwa na kupimwa kwa sumaku?
5. Injini imewashwa ikiwa baridi mbele yako?
6. Oili, maji na rangi ya moshi vimeangaliwa?
7. Umeliendesha nusu saa, mlima na tambarare?
8. Spea tano zimeulizwa dukani?
9. Bei ya muuzaji pamoja na bei ya fundi, jumla ni ngapi?
10. Mkataba na uhamisho viko tayari kabla ya pesa kutoka?

Swali la kwanza, la pili au la tatu likikosa jibu, rudi nyumbani na pesa zako. Mengine yote yanaweza kujadiliwa kwenye bei.